Mgombea Niliyemchagulia Mdogo Wangu

Siku tuliyomaliza matanga ya mama, nyumbani kwetu Ulaya, kijiji cha wilaya ya Kilosa, tuliobaki uani baada ya wageni kula na kuondoka tulikuwa sita. Mjomba, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yetu watu wa milimani ndiye mwenye watoto wa dada yake. Mama mdogo, aliyekuja kutoka Malolo na kuku wawili. Mtani wetu, mzee wa Kinyamwezi ambaye wazazi wake walikuja Kimamba kukata mkonge wakazikwa huko huko. Mdogo wangu, msichana wa kidato cha pili. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa darasa la kwanza. Na mimi, mtoto wa kwanza, miaka ishirini na miwili, mpishi katika banda la chakula la kando ya barabara kuu pale Mikumi. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alidai hakusema neno. Mimi nilisema kuliko wote.

Jambo lililotukalisha lilikuwa moja. Mdogo wangu alikuwa amerudishwa kutoka shule ya bweni ya Kilosa na barua: asiyemaliza ada hatafanya mtihani wa kidato cha pili, na asiyefanya mtihani haendelei. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mama alituacha na nyumba, shamba la mahindi ambalo ni la ukoo, na cherehani. Fundi mmoja wa Kilosa mjini alikuwa ameshakitajia bei akiwa msibani, bei ya kulipa ada yote na kubakiza ya viatu. Kilichohitajika ni mjomba kusema, "Uzeni."

Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na hakuna aliyekuwa anazungumza jambo lake bila kumtia mgombea ndani. Watu walikuwa hawajawahi kuulizwa wanamtaka nani kati ya wengi. Tulizoea karatasi ya kura yenye picha moja ya kusema ndiyo na kivuli cha kusema hapana. Sasa walikuwa watu kamili, wenye midomo, na kila mmoja alitaka tumlinganishe na mwenzake.

Mimi nilikuwa nimewalinganisha. Kule bandani tulifungia vitumbua kwa magazeti ya zamani, na kabla sijafunga nilisoma. Madereva wa malori walinipa na mapya wakishamaliza. Niliachia shule darasa la sita, baba alipofariki, na tangu hapo nilikuwa na njaa ya kuonekana ninajua. Nilichukua karatasi ya daftari, nikapiga mistari. Juu nikaandika wagombea watatu, pembeni nikaandika mambo manne: ada, hospitali, pembejeo, mifugo. Nilijaza kila chumba kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Siku ile niliitoa karatasi kifuani, nikaikunjua mbele ya mjomba.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Misimamo ya wagombea, mjomba."

"Soma basi, mwalimu."

Mama mdogo alicheka. Nilisoma.

Wa kwanza alisema wananchi wachangie, shule na hospitali. Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyo ndiye mwanamume. Kitu cha bure hakina heshima. Mtu achangie." Aliyasema hayo akiwa hajachangia hata chumvi ya matanga yale, na sote tulijua, na hakuna aliyemtazama.

Mama mdogo hakutaka kusikia habari za ada. Watoto wake walishamaliza darasa la saba wakaishia hapo. "Nisomee kwenye mifugo," akasema. "Yupi atawatoa wale wenye ng'ombe? Wamelala ndani ya mahindi yangu mara mbili. Nikienda kwa mtendaji naambiwa nilete shahidi. Shahidi ni nani, bua?"

"Wa pili anasema watatengewa maeneo, mama mdogo."

"Maeneo ya wapi?"

"Hajasema."

"Basi atawaleta kwangu. Wa tatu?"

"Wa tatu hajasema kitu kuhusu mifugo."

"Huyo namtaka. Asiyesema hadanganyi."

Hapo ndipo nilipofika kwenye chumba cha ada cha mgombea wa tatu, na sauti yangu nikaisikia inapanda. Nilikuwa nimeandika: *Atafuta ada.* Gazeti lilikuwa limeandika kwamba ataliangalia upya suala la ada. Ila siku walipokuja Mikumi, mgombea mwenyewe hakufika. Alikuja mpambe wake, kijana mwenye shati jeupe, akasimama juu ya gari dogo la mizigo na kipaza sauti akasema siku chama chao kitakapoingia Ikulu, kesho yake hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ada. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nililia. Kati ya gazeti na yule kijana nilimwandika yule kijana.

"Uchaguzi ni baada ya wiki tatu," nikamwambia mjomba. "Tukiuza cherehani leo, kesho ada ikifutwa, tutakuwa tumepoteza cherehani bure."

Mtani wetu alikuwa bado amevaa khanga ya mama. Tangu asubuhi alikuwa amejifunga kama mama, akaketi kwenye cherehani, akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitema uzi na kugombana na sindano, mpaka watu wazima walilia kwa kucheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anatukana, anadai, anaonyesha alivyokuwa maiti, nawe unacheka na kumpa chake. Kumkasirikia mtani ni aibu. Na lile asemalo halichukuliwi kwenda nalo nyumbani. Linaachwa pale pale uani pamoja na majivu ya jiko.

Sasa akainuka, akavuta khanga mabegani.

"Watumwa wangu," akasema, "nimewazika wengi, lakini sijapata kuona nyani wa mlimani anayesoma karatasi. Hebu nieleze, mke wangu." Mke huyo ni mimi. "Huyo bwana wako wa tatu akishinda, ataapishwa siku hiyo hiyo?"

"Baada ya siku kadhaa."

"Akishaapishwa anatafuta mawaziri. Mawaziri wanatafuta magari. Waziri wa shule anatafuta kalamu. Anaandika barua. Barua inapanda treni Dar es Salaam, inashuka Kilosa, inakuta mwenye ofisi amekwenda msibani. Mtihani ni lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Basi mtoto atafanya mtihani kaburini kwa mama yake. Na mimi nitakuja kusahihisha, maana ninyi mnaojua kusoma hamjui kuhesabu!"

Tulicheka. Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu. Mama mdogo alimtupia mguu wa kuku, akaudaka, akaula. Nami nilicheka, nikakunja karatasi yangu nikairudisha kifuani. Hakuna aliyesema, jamani, huyu mzee ameuliza siku. Angeuliza mwinjilisti wa kanisani tungehesabu kwa vidole. Lakini aliuliza mtani, akiwa na khanga ya marehemu, tukampa chake.

Mjomba alimgeukia mdogo wangu, kwa desturi tu. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi namsikiliza dada," akasema.

"Haya. Cherehani kikae mpaka tuone."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuitazama siku ile, na sitamficha msomaji nilichokiona. Nilikipenda kile cherehani. Nilichoka na moshi wa bandani, nilichoka na madereva waliojifuta mikono kwenye gauni langu. Nilishajiona nimeketi kibarazani Mikumi, nashona. Wagombea walikuwa watatu na mambo yalikuwa manne, na mimi katika karatasi nzima nilimchagua yule aliyeniruhusu nisiuze. Sikujua kwamba ndivyo nilivyofanya. Niliamini nimepima.

Uchaguzi ulipita. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapiga kura. Matokeo yakachukua siku nyingi kuliko tulivyodhani, redio ikisoma majimbo, sisi tukisubiri, mdogo wangu akipiga pasi sare yake kila Jumapili na kuitundika. Mgombea wangu alishindwa. Si kwa kura chache.

Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa bandani, nikafika Ulaya jioni, na kabla ya alfajiri nikakifunga cherehani kwenye baiskeli ya jirani, nikakisukuma hadi Kilosa. Yule fundi alitoka nje, hata hakukigusa. Alinionyesha ng'ambo ya barabara. Pale palipokuwa na mama mmoja na rundo la mitumba siku za msiba wetu, sasa palikuwa na vibanda sita, mashati yametundikwa mpaka juu ya paa.

"Nani atashonesha?" akasema. "Shati la mtumba bei ya vifungo vyangu. Ningekinunua mwezi ule, dada. Sasa hivi mimi mwenyewe nauza cha kwangu. Unakitaka?"

Wateja wake wawili walicheka. Alinipa nusu ya bei na nikaikataa, kwa hasira. Kisha nikazunguka mji mzima hadi saa tisa nikitafuta mtu wa kunipa hiyo nusu, na hakuna. Nilirudi kwake. Akasema ile nusu ilikuwa ya asubuhi.

Niliacha cherehani kwa mama mmoja wa kanisani pale mjini, nikamchukua mdogo wangu kesho yake tukaenda shule na akiba yangu ya bandani, ambayo haikufika hata robo. Nilitaka kumpigia magoti mkuu wa shule. Alitupokea barazani. Mdogo wangu alikuwa amevaa sare, soksi zimevutwa mpaka magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alisoma barua yake mwenyewe kama ngeni. "Orodha ya watahiniwa imeshakwenda wilayani. Imekwenda wiki iliyopita. Mlikuwa wapi?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Nilimwambia habari za mgombea na ada kufutwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita walimu wawili waliokuwa ofisini.

"Njooni msikie. Rudia, mama."

Nikarudia. Kwa ajili ya mtoto nikarudia. Mmoja wa walimu alijifunika mdomo kwa daftari.

"Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?" mkuu akaniuliza.

"La sita."

"Ahaa," akasema, na hilo lilimtosha. Akamgeukia mdogo wangu. "Nenda bwenini ukachukue godoro lako. Kuna mwenzio anahitaji kitanda."

Tulirudi Ulaya kwa miguu, godoro kichwani kwangu. Alivua viatu akavibeba ili visiishe. Tulipofika njia ya kuingia kijijini aliniuliza swali moja tu: "Dada, hapa kwetu mgombea wako alipata kura ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi ningempigia, kama ningekuwa na umri."

Mjomba aliposikia alisema nilimdanganya kwa karatasi. Mama mdogo alisema yeye alizungumzia ng'ombe tu. Jioni alipita mtani wetu, akaliona godoro limeegemezwa ukutani. Nilijikaza nipokee matusi, nilikuwa na haki ya kuyapokea. Aliuliza kama tuna chumvi, akaaga. Hakunitania. Ndipo nilipoogopa.

Mwezi wa pili mdogo wangu alikwenda Kidodi, kupalilia miwa ya wakulima wadogo. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikifuata cherehani kwa yule mama wa kanisani, maana hakuna aliyekitaka, nikakipeleka Mikumi. Na hapa mambo yakanicheka: suruali za mitumba zilikuja kubwa kuliko wanaume wetu. Nikaanza kuzipunguza viuno, kukata miguu, kutia zipu. Nikaacha moshi. Nikapata kibaraza changu, kama vile nilivyokuwa nimejiona.

Kila baada ya malipo, dereva wa lori la miwa alinikabidhi bahasha kutoka kwa mdogo wangu, ada ya kitinda mimba, pesa zimekunjwa ndani ya jani kavu ili zisilowe jasho. Ndizo zilizomfikisha sekondari, ndizo zilizommalizia kidato cha nne. Nilichangia, ndiyo. Lakini zake zilitangulia siku zote.

Nilipoweza, nilikwenda Kidodi. Nilimkuta kwenye mtaro, amefunga vitambaa mikononi kwa sababu ya majani ya miwa, makovu yamepanda hadi viwiko. Alifurahi kuniona, akanitambulisha kwa wenzake: "Huyu ndiye dada yangu, fundi." Nikamvuta pembeni, nikampa fedha nilizokuwa nimeziweka miaka miwili kwa kazi hiyo moja.

"Za nini?" akauliza.

"Za ada."

Alizitazama. Alikuwa na miaka ishirini na sita. "Ada ya nani, dada?"

Kitinda mimba alikuwa ameshamaliza shule. Akazirudisha mkononi mwangu, akanifumba vidole, akachukua jembe lake kwa sababu msimamizi alikuwa anatazama. Nilipanda gari nazo. Ninazo mpaka leo.