Karatasi ya Kitanda cha Tatu

Haya ninayoandika hamtayaamini, na wala siwalaumu. Kazi ya ufundi saa nimeifanya miaka ishirini na tisa. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililisoma nikiwa dirishani naangalia waliokuwa wakicheza mpira. Lakini habari ya wivu kumsaidia mgonjwa asiyejiweza, kama ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia anywe maji akapumzike.

Mwenye habari ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa kwangu tangu alipoanza chuo cha uuguzi. Siku aliyohitimu nilimpa saa ya kubandika kifuani, niliyoifufua kwa mikono hii, nikamwambia: saa hii haijui kuchelewa. Tangu siku hiyo nikawa namwita Daktari.

"Nesi, mjomba," husema. "Nesi."

"Cheo hakina mzigo, mama. Beba tu."

Wakampangia chumba cha wagonjwa mahututi. Vitanda sita, na kila kitanda kina mashine ya kupumulia, nyingine ya moyo, nyingine ya kusukuma dawa, na kila moja ina mlio wake. Chuoni alikuwa wa kusifiwa. Kule ndani, wiki ya kwanza alisahau hata mkono wake wa kulia ni upi. Mashine ikilia hapa anaruka, ikilia kule anaruka, kumbe inayolia ni ya mgonjwa aliyejigeuza kidogo tu. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni, cha pili amekishika, anautazama ukuta. Birika likipiga mluzi jikoni, anasimama. Mke wangu akaanza kuchemshia maji kwenye sufuria.

Basi uchovu ungekuwa peke yake, ungezoeleka. Lakini hakupelekwa peke yake. Walikuwa wahitimu wawili, na nafasi ni moja. Miezi mitatu ya kuangaliwa, kisha mmoja abaki, mwingine arudi wodi ya kawaida. Na mpwa wangu tangu mwaka wa pili wa chuo alikuwa akisema hatafanya kazi kwingine ila chumba kile. Mimi nami, kwa kumsaidia, mtaa mzima nilikwisha uambia kwamba nafasi kaipata.

Huyo mwenzake nilimpa jina Bi Nadhifu, kwa jinsi nilivyokuwa nikisimuliwa. Kila mgonjwa wa kule ana karatasi kubwa kama kitambaa cha meza, yenye mistari ya kila saa: mapigo ya moyo, presha, dawa iliyoingia, mkojo uliotoka. Karatasi ya mpwa wangu ikifika mchana imejaa mikato na mishale, utadhani kuku amekanyaga wino. Ya Bi Nadhifu haina doa. Wakati wa kukabidhiana zamu Sista mkuu huiinua wote waione. "Mgonjwa anasomeka," husema.

"Mgonjwa anasomeka," mpwa wangu alinirudia siku hiyo huku akikata mkate kama uliomkosea. "Hata jasho hatoki, mjomba. Mimi nakimbia siku nzima, yeye anatembea. Nywele zake saa kumi jioni ziko vilevile zilivyokuwa saa moja asubuhi."

"Labda ana akili," nikasema.

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini mimi utani ukishanifika kooni haurudi. "Mlete hapa tumwone. Pengine ana mjomba fundi saa kunizidi."

Mpwa wangu hakucheka. Aliacha mkate, akaenda kulala. Hapo nikajua jambo limeingia kwenye mfupa. Wivu naujua mimi. Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwenzangu aliyeweka kioo mbele ya kibanda chake, na kwa miaka minne sijapita upande ule. Mtu akikuonea wivu unaweza kumhama. Ukiona wivu wewe, utauhamia wapi?

Akawa hamwangalii mgonjwa wake bila kumwangalia na Bi Nadhifu. Alijua anakunywa maji mara ngapi, kalamu anaishika vipi, anawaambia nini ndugu za wagonjwa hata wanatoka wakimshukuru. Usiku mmoja alimwambia mke wangu, si mimi, kwamba alikuwa anaomba Bi Nadhifu akosee. Kosa dogo tu. La kutomuumiza mtu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hilo halihitaji elimu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa miezi mitatu itimie. Asubuhi hiyo mpwa wangu alikuwa na kitanda cha nne, Bi Nadhifu kitanda cha tatu, kwa mzee aliyepasuliwa tumbo, amelala na mashine ya kupumulia, na mpira wa kumtoa mkojo unashuka hadi kwenye mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda. Bi Nadhifu akatoka kufuata dawa stoo. Mpwa wangu akaona hapo ndipo pa kujua siri. Akasogea kitanda cha tatu, akaichukua ile karatasi aone mwenzake anaipangaje.

Akatazama saa yake ya kifuani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Kwenye karatasi, mstari wa saa tano ulikuwa umejazwa. Na wa saa sita pia. Mapigo, presha, mkojo mililita hamsini, hamsini, kwa mwandiko wa kupendeza.

Kumbe ndiyo siri ya kutotoka jasho: alikuwa akiandika saa ambazo hazijafika.

"Nilifurahi, mjomba," alinieleza baadaye, na hakunitazama usoni. "Nilifurahi mpaka nikasikia mikono inapata moto. Nilisimama pale napanga maneno ya kumwambia Sista. Nikayapanga mara mbili, yawe matamu."

Alipomaliza kuyapanga ndipo akakumbuka kuuangalia mfuko. Mkojo haukuwa umeongezeka tangu saa tatu. Akaupapasa mpira, akaufuata kwa vidole mpaka chini ya paja la mzee. Walipomgeuza asubuhi ulijikunja pale, ukabanwa. Akaunyoosha. Mkojo ukashuka kama bomba lililofunguliwa, na mapigo ya moyo ya mzee, yaliyokuwa yakienda mbio, yakaanza kupoa polepole.

Na nyuma yake, kitanda cha nne, mashine ikalia. Safari hii haikuwa mgonjwa kujigeuza. Dripu ya mgonjwa wake mwenyewe ilikuwa imekwisha.

Sista mkuu akafika kabla yake. Akabadilisha dripu, akanyamazisha mashine, akageuka. Akamkuta mpwa wangu kwenye kitanda kisicho chake, karatasi ya mtu mkononi. Na mlangoni kasimama Bi Nadhifu na sinia la dawa, amekwisha iona karatasi hiyo iko mkononi mwa nani.

"Unafanya nini kitanda cha tatu?"

Maneno matamu alikuwa nayo, kayapanga mara mbili. Anasema alipomtazama mwenzake, aliona lile sinia linatetemeka, vichupa vinagongana. Tangu waanze, hakuwa amewahi kuona chochote cha yule binti kikitetemeka.

"Mpira ulijikunja, Sista. Mkojo ulikuwa haushuki. Nimeunyoosha."

Sista akachukua karatasi. Akaisoma. Akatazama saa ya ukutani, akaisoma tena.

"Nilijaza mapema," Bi Nadhifu akasema kabla hajaulizwa. "Mwanzoni kwa sababu nilikuwa nachelewa. Mkasifu. Nikaogopa kurudi kwenye mikato."

"Na mimi sikuja kusaidia," mpwa wangu akasema. "Nilikuja kumchungulia."

Sista mkuu ni mwanamke asiyepaza sauti. "Mmoja anaandika asichokiona," akasema. "Mwingine anaona kisichomhusu. Sasa mniambie, hawa wawili waliolala, nani alikuwa anawauguza?"

Akawapa kila mmoja karatasi mpya waandike upya yale tu waliyoyaona kwa macho yao, na palipokuwa hapajulikani waache wazi. Ya Bi Nadhifu ilikuwa na matundu mengi. Ya mpwa wangu nayo ilikuwa na matundu mawili, ya muda ule aliokuwa kitanda cha tatu. Kisha wakaongezewa wote miezi mitatu ya kuangaliwa. Nafasi ikabaki ile ile moja.

Mtasema basi wivu umekwisha. Thubutu. Juzi Bi Nadhifu kaja hapa kunywa chai. Ana mikato kwenye karatasi siku hizi, na nywele zinamtoka kwenye kofia kama watu wengine. Wamekaa barazani wananong'ona habari za mashine, wanaulizana, wanacheka. Mpwa wangu akimwona mwenzake kapata jibu haraka bado anauma mdomo, nimemwona. Ila sasa humwuliza: umejuaje? Mimi nimekaa pembeni na sahani ya mkate, hakuna anayeniuliza hata saa ngapi. Nasema kweli, yule binti simpendi.

Lakini jambo kubwa sijawaambia. Siku ile Sista mkuu alipomaliza kuwasema, macho yake yaliangukia ile saa kifuani mwa mpwa wangu. Akainama akaisoma. Akaita wauguzi wote, na madaktari wawili, akawaambia katika maisha yake ya kazi hajapata kuona saa inayokwenda sawa kiasi kile, na kwamba kama si fundi aliyeitengeneza, yule mzee angekuwa

"Mjomba."

Kasimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai. Sijui anasoma tangu wapi.

"Saa hiyo ilisimama siku ya tatu tu. Iko kwenye droo yako. Nilikurudishia uitengeneze."