Joho la Viraka Kumi na Vitatu

Nyamirambo nzima hakuna fundi anayefumua nguo kama Twahiru. Kushona, wapo wengi wanaojua, sikatai. Lakini mkabidhi yeye gauni lililoshonwa ovyoovyo uone: uso unakunjamana kama kalishwa mwarobaini, mkono unautafuta wembe wenyewe, na kabla hujamaliza salamu ameshatoa uzi wote nje. Wateja wanamsamehe kwa sababu nguo ikitoka kwake inakaa mwilini utadhani ilizaliwa nawe. Babu yake alileta vitambaa Kigali kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi, na tangu hapo ukoo ule haujawahi kukaa mbali na sindano.

Twahiru mwenyewe aliacha shule darasa la tano. Hilo hapendi liulizwe. Lakini ana binti mmoja, Kaliza, na kwa Kaliza alikula kiapo. Sketi zake za shule alizishona na pindo refu mno, ili kila mwaka mtoto akirefuka ashushe kidogo, na zile pesa za sketi mpya ziende kwenye madaftari. Mtoto akarefuka, pindo likashuka, na madaftari yakamfikisha Marekani kwa ufadhili, kusomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Tallow Creek. Miaka minne! Twahiru aliihesabu yote.

Mwaka huu, wakubwa wa Tallow Creek wakaamua kwamba wahitimu wao Wanyarwanda watavikwa majoho kwao, Kigali, katika ukumbi mmoja wa Remera, Jumamosi saa tisa alasiri. Na katika wahitimu wote wa mwaka huu, wa huku na wa kule, aliyeongoza ni nani? Kaliza wa fundi Twahiru. Jirani zake walikoma. Hata muuza chapati alikuwa keshajua alama za hisabati.

Ijumaa asubuhi Kaliza aliingia dukani mbio mbio, mfuko mkononi, simu sikioni.

"Baba, joho langu hili hapa. Ni refu, nitajikwaa jukwaani. Likunje chini ulipige bandi tu, kesho kazi za umuganda zikiisha nitalifuata. Nawahi mazoezi!"

Akapotea. Twahiru akafungua mfuko, akashika kichwa.

Joho lilikuwa kuukuu, jeusi lililochujuka hadi kuwa rangi ya majani makavu. Hilo angelivumilia. Lakini viraka! Vilikuwa kumi na vitatu, vimetapakaa mgongoni na mikononi, kimoja cha gunia, kimoja cha mistari, kingine cha njano, na mishono yake, Mungu wangu, mishono yake ilikwenda kama kuku aliyekimbizwa.

"Mwanangu ndiye wa kwanza," alisema kwa hasira, "ndiyo wamvishe matambara? Wengine wapewe mapya, wa fundi apewe hili?"

Spès, mshonaji wa magauni ya harusi ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa ile ya Twahiru, aliinua kichwa. Kiswahili alikiokota sokoni, lakini macho yake hayakuokotwa popote.

"Mzee, hii nguo iko na maneno. Uliza mtoto kwanza."

"Niulize nini? Kiraka kibovu ni kibovu hata Marekani."

Aliporudi kutoka sala ya Ijumaa akaketi na wembe wake. Akafumua cha kwanza, akakuta chini yake kitambaa kizima. Hakuna tundu. Akafumua cha pili, hakuna tundu. Mtu mwingine hapo angesimama akajiuliza ni nani anayetia kiraka mahali pasipotoboka. Twahiru hakusimama. Alicheka, akasema Wamarekani nao wana mambo yao, akaendelea hadi cha kumi na tatu. Vipande akavitupia kwenye kiroba chake cha masalia, maana hajawahi kutupa hata kitambaa cha upana wa kidole. Kisha akalipiga joho bandi chini, akalipiga pasi, akalitundika na kulitazama kwa furaha ya mtu aliyemtetea mwanawe.

Jumamosi, saa tano na dakika chache, watu wakiwa ndio kwanza wanarudi na majembe ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Kaliza akaingia. Akaliona joho. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni palepale.

"Baba. Viraka viko wapi?"

Akamweleza yale aliyomfichia ili amshangaze siku yenyewe, na Twahiru akasikiliza amesimama wima. Watumwa walipopata uhuru kule kusini mwa Marekani, vyuo vya serikali havikuwataka watoto wao. Serikali ya jimbo ikawapa ardhi ya tope kando ya kijito, wakafyatua matofali kwa mikono yao na kujenga chuo. Wahitimu wa kwanza walikuwa sita, na joho lilikuwa moja, alilolishona mama wa mmoja wao, mfua nguo. Mmoja akivikwa, akishuka, anavua, mwenzake anavaa. Joho lenyewe ndilo hili. Hutolewa kila baada ya miaka kumi, likavaliwa na aliyeongoza, na yule aliyemfikisha shuleni hulishonea kiraka cha nguo ya nyumbani kwao.

"Profesa Hattie amelibeba mapajani safari nzima kutoka Marekani, hakukubali liwekwe na mizigo," Kaliza alisema, machozi yakimtoka. "Saa tisa analitaka jukwaani. Nitamwambia nini, Baba? Miaka mia na thelathini, imeharibikia mkononi mwangu!"

Twahiru aliona aibu hadi kwenye nyayo. Yeye wa darasa la tano alikuwa amefuta chuo kizima kwa wembe. Lakini fundi ni fundi. Alilishusha joho, akaiburura meza hadi mlangoni penye mwanga, na alipoliinamia akaona kitu ambacho jana hasira ilimfichia.

"Kaliza, inuka. Njoo uone."

Kitambaa kilikuwa kimechujuka kila mahali isipokuwa chini ya viraka. Pale kilibaki cheusi tititi, na kila kiraka kilikuwa kimeacha umbo lake. Na pembeni ya kila umbo, matundu ya sindano yalikuwa bado wazi.

"Spès! Nitungie uzi. Nyuzi zote, usisimame!"

"Jana nilikwambia nini?"

"Utaniambia kesho. Nitungie uzi!"

Spès akatunga, Kaliza akachambua vipande, Twahiru akavaa subana kidoleni akashona kwa mkono, sindano ikipita katika tundu lilelile ilimopita zamani. Mshono uliopinda akaupindisha, uliorukwa akauruka. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kushona vibaya. Na Kaliza akawa anasimulia. Gunia hili ni la unga, mama wa aliyelivaa mwaka huo alikuwa mpishi wa watu. Mistari hii ni ya ovaroli la reli. Hiki ni cha shati la kijana aliyefungwa jela kwa kukaa kwenye mgahawa wa wazungu akaomba chai. Njano hii ni ya vazi la bendi ya chuo, bendi ambayo ikipiga, hata maprofesa wa kemia wanacheza.

Kwenye kiraka cha tisa, cha buluu, Twahiru alikwama kidogo. Sindano haikutaka kuingia. Akageuza joho, akageuza tena, kisha akahamishia sindano mkono wa kushoto, na kazi ikatembea.

Saa nane na robo kikaisha cha kumi na tatu. Pikipiki tatu zikawafikisha Remera, Spès naye nyuma, joho likiwa kifuani kwa Twahiru.

"Usiseme kitu, Baba," Kaliza alimnong'oneza mlangoni. "Hakuna atakayejua."

"Mimi najua."

Akamwendea Profesa Hattie, mama mzee mwenye miwani mikubwa, akamweleza yote, Kaliza akitafsiri kwa sauti inayokufa. Profesa akalitandaza joho, akapitisha kidole kiraka baada ya kiraka. Kwenye kile cha buluu kidole kikasimama.

"Hiki alikishona mama yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyevaa mwaka ule."

"Mwambie," Twahiru akamwambia Kaliza, "mama yake alikuwa anatumia mkono wa shoto. Na alikuwa na haraka mwanzoni, mwishoni akatulia."

Kaliza akatafsiri. Profesa Hattie akavua miwani. Mama yake, alisema, alifariki miaka thelathini iliyopita, na ndiyo, alikuwa wa shoto, shuleni walimchapa kwa hilo hadi akaacha masomo. Alikiri kuwa tangu mazishi hajakutana na mtu aliyemzungumzia mama yake kama aliyeonana naye asubuhi ileile. Akamkumbatia Twahiru pale pale mbele ya watu, kilio na kicheko vikiwa kitu kimoja, na Twahiru, ambaye hakumbatiwi ovyo, hakujua pa kuweka mikono.

Basi ikafika zamu ya Kaliza. Ukumbi ukasimama, vigelegele vikapigwa mpaka mpiga picha akaziba masikio. Desturi ni kwamba kiraka kipya hushonwa jukwaani, mhitimu akiwa ndani ya joho. Twahiru akapanda. Mfukoni alikuwa na kipande alichokitoa kwenye kiroba chake asubuhi ile, kimekunjwa mara nne: pindo la sketi ya Kaliza ya darasa la kwanza, lenye mistari mitatu iliyofifia, kila mstari ni mwaka mmoja aliolishusha.

Akaliweka begani mwa mwanawe. Fundi wa miaka arobaini akapoteza mstari. Sindano ikaingia huku ikatokea kule. Machozi yakamzuia kuona. Alipokata uzi, kiraka kilikuwa kimelala upande, mshono umepinda kabisa, na Spès katika safu ya pili hakuweza kuvumilia.

"Mzee! Kimepinda! Fumua!"

Ukumbi ukacheka. Twahiru akaangalia kazi yake, akaangalia bega la mwanawe, akafuta macho kwa kiganja.

"Wembe nimeuacha nyumbani," alisema. "Kiache hivyo hivyo."