Mluzi Kutoka Nyasini

Kila asubuhi Inga humsikia jirani yake, mchungaji wa kondoo, kabla hajamwona: kwanza mluzi, kisha kicheko, kisha matusi kwa miguu yake mwenyewe. "Amkeni, wavivu nyie!" Ana multiple sclerosis, ugonjwa wa neva ambao hapa Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, karibu kila ukoo una mtu wake, na miguu yake leo hukubali, kesho hugoma. Chai huishika kwa mikono miwili, vifungo vya koti hufungwa na mumewe, lakini mbwa wake Tam hamsikilizi mwingine.

Siku ya mashindano ya mbwa wa kuchunga, ambapo mbwa huwaingiza kondoo zizini kwa amri ya mluzi, miguu iligoma katikati ya uwanja. Akaanguka, kondoo wakiwa bado hawajafika zizini. Inga akaruka uzio, mwamuzi akamfuata mbio. "Rudini huko!" akafoka mchungaji, akijiinua kwa kiwiko. "Mnanitishia kondoo! Inga wee, nipishe nione!" Inga akaganda. Mluzi ukapanda kutoka nyasini, mrefu na mtulivu. Tam akalala, akanyanyuka, akawazunguka, hata kondoo wote wakaingia ndani.

"Haya Inga, kanifungie lango. Hilo halisikii mluzi."

"Sheria inasema ulifunge mwenyewe," mwamuzi akasema kwa haya.

"Basi nibebeni!"

Wakambeba wawili hao, yeye akicheka njia nzima. Komeo likamponyoka, akalishika tena, likaingia. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Nishusheni polepole," akasema, akipangusa machozi ya kicheko. "Tam angenibeba vizuri zaidi."