Hirizi Iliyobana Kabla ya Wakati

Hirizi ya Tawakali ilipoteremka kutoka kwenye msuli wa mkono hadi kwenye kiwiko, makuli wote wa gati ya Lindi waliacha kazi wakamtazama. Mimi nilikuwa kwenye mizani na kalamu yangu, nikasahau nimefika gunia la ngapi.

Ilikuwa Julai 1951, siku aliyorudi kazini baada ya miezi mitano ya homa ya matumbo. Kabla ya kuugua, Tawakali alikuwa akipanda ubao wa tishari la mizigo na gunia la ufuta la ratli mia mbili huku akizungumza. Hirizi ile, kijifuko cha ngozi alichovalishwa na marehemu baba yake, ilimbana mpaka ikamwachia alama. Mwaka uliotangulia niliupima mkono wake kwa utepe wa fundi cherehani, kwa mzaha tu: inchi kumi na nne kasorobo. Siku ile nikaupima tena. Kumi na moja.

"Pima vizuri, Karani."

"Nimepima mara tatu."

Likwata, mnyapara wao, alipasua kicheko. "Mwali katoka ndani! Mbona hamjampigia vigelegele?" Kisha akaacha kucheka. "Meli ya ufuta inakuja baada ya wiki nne. Ukipandisha gunia zima, nafasi yako ipo. Ukishindwa, namchukua mtu kutoka Rutamba."

"Wiki nne ni nyingi," Tawakali akasema. "Mwili huu unanijua."

Nyumbani alifunga madebe mawili ya mchanga kwenye mzegazega, ule mti wa kubebea begani, akawa anachuchumaa na kuinuka nayo asubuhi na alasiri. Alianza na robo debe kila upande. Wiki ya tatu yalikuwa yamejaa. Nguvu ilikuwa inarudi, hilo sikatai, lakini nyama haikuwa na haraka: kila Ijumaa nilimpima, na Ijumaa ya tatu niliandika kumi na moja na robo.

"Mkono ule uliujenga kwa miaka mitatu," nikamwambia. "Safari hii utarudi mapema zaidi, lakini si kwa wiki nne."

Akaninyooshea mkono. Hirizi ilikuwa imekaa palepale pa zamani, imebana hata kidole hakipiti chini ya ukanda.

"Utepe wako umelegea, Karani."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Abdulatifu, fundi cherehani, tukaulinganisha utepe wangu na yadi yake ya chuma. Haukuzidi wala kupungua. Kwa siku kadhaa nilijipima mkono wangu mwenyewe, nikidhani macho yangu ndiyo yameharibika.

Asubuhi, siku moja kabla ya meli kufika, Ziada, mkewe, alikuja ghalani.

"Hodi, shemeji. Mimi ndiye niliyeibana."

"Umebana nini?"

"Hirizi. Kila akiivua kwenda kuoga nauvuta ukanda kidogo, nashona. Alikuwa hali chakula, shemeji! Siku ilipobana mara ya kwanza akamaliza sahani nzima ya mihogo. Basi nikaendelea. Sasa anataka kubeba ratli mia mbili kwa uzi wangu. Mwambie wewe. Mimi naogopa."

Nilikubali, lakini siku ile sikumwambia.

Kesho yake gunia liliwekwa chini ya ubao. Tawakali alikuwa ameshainama kulishika. Niliiacha mizani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja.

"Tazama ukanda, nyuma ya kijifuko."

Akaugeuza. Mshono ulikuwa mpya, uzi mweusi, na ukanda umekunjwa mara nne. Aliutazama, akanitazama, kisha akaketi juu ya gunia.

"Sindano ya Ziada?"

"Alitaka upate kula."

"Nimejisifu mtaa mzima, Karani. Mtaa mzima!"

"Haya mwali," Likwata akaita, "unacheza au huchezi?"

Tawakali alisimama. "Sibebi. Mpe mtu wa Rutamba. Mimi nipe nusu gunia."

Matusi aliyoyaandaa Likwata hayakuwa ya jibu lile. "Nusu gunia wanabeba wanawake."

"Basi nitapanga mstari nao."

"Ee, Mungu wangu!" Likwata akageukia bahari, akarudi. "Haya, kapange. Mwezi wa kwanza nitakujaribu tena. Mara moja tu."

Tawakali akachukua kisu cha kukatia kamba, akaufumua mshono hapo hapo mbele yetu. Hirizi ikaanguka hadi kiwikoni. Aliivaa hivyo hivyo, imelegea, miezi yote ya nusu gunia.

Januari alilipandisha gunia la chumvi la ratli mia mbili, kimya, bila kuzungumza kama zamani. Nilimpima: kumi na tatu. Robo tatu ya inchi bado ilikuwa haijarudi. Hirizi ilikuwa imegusa ngozi pande zote. Nilikagua ukanda kabla sijaamini. Palikuwa na matundu ya sindano tu, bila uzi.