Turubai na Mashine ya Pili

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kupukuchua mahindi lilikuwa kununua turubai. Nalitaja mapema kwa sababu nililifanya kwa bidii. Nilililinda, nililishona lilipochanika, na nililitandika misimu miwili bila mtu yeyote kunilazimisha.

Mashine yangu ilikuwa ndogo, ya magurudumu mawili, yenye injini ya dizeli. Mvua zikikatika, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tuliivuta kutoka nyumba hadi nyumba katika vijiji vya mlimani, tukipukuchua mahindi ya watu na kulipwa sehemu ya mahindi yaleyale. Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi zimejaa Warundi, na malori ya wanunuzi wa nafaka yanapita kila wiki. Mkulima aliyechelewa kupukuchua aliachwa na lori, akabaki na dumuzi wakimlia nafaka.

Sikufundishwa na mtu. Injini nilijifunza nyumbani Rusimbi, kwa kuifungua moja iliyokufa na kuifunga tena. Nilipomaliza ikawaka, lakini zilibaki boliti tatu ambazo sikujua zimetoka wapi. Ninazo mpaka leo. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini kitu kinachofanya kazi.

Mashine ya kupukuchua hurusha punje. Hutema nyingi kwenye gunia, lakini nyingine huruka pembeni, na jambo hilo lilininyima raha. Niliona punje ya mtu ni mali ya mtu. Ndipo nikanunua turubai, nikaliinua kingo kwa vijiti kama beseni, na kila tulipomaliza nyumba moja nilizima injini, nikapiga magoti na kuokota hata zile zilizoruka nje. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Mwenye nyumba alisimama akinitazama. Nilifikiri ananishangaa kwa uaminifu wangu.

Katika kila nyumba walikuwapo pia wanawake wenye mafagio na nyungo. Baadhi walikuwa wa kijijini, wengi walikuwa Warundi kutoka kambini. Nilidhani wamekuja kunisaidia usafi. Niliwaambia, "Asanteni mama zangu, hapa pako safi, mkapumzike." Walinitazama, wakatazamana, wakaondoka. Nilijisikia vizuri.

Tatizo lilikuwa hili: tulimaliza nyumba moja kwa siku. Mtu mmoja wa bonde la pili alikuwa na mashine kuukuu, inayokohoa na kutoa moshi mweusi, na alimaliza nyumba nne. Watu walimwita yeye kwanza. Mimi niliitwa na wale aliowaacha.

Nikabadilisha mkanda. Nikabadilisha puli. Nikanoa meno ya ngoma, yaani lile pipa la chuma linalozunguka ndani. Bado nyumba moja. Ukweli ni kwamba mara nyingi mdomo wa mashine ulikuwa mtupu, injini ikinguruma bure, huku mwenye nyumba na mkewe wakija wanahema kutoka kihengeni, yaani ghalani, na tenga moja la mahindi. Katika daftari langu niliandika: "Wenyeji wazito." Naomba radhi kwa sentensi hiyo.

Nikafikia uamuzi kwamba dawa ni mashine ya pili. Mfanyabiashara mmoja wa Bangwe alikuwa nayo, mpya, bado ina grisi ya dukani. Fedha sikuwa nazo. Alikubali kubadilishana na shamba la michikichi la mama yangu: miti kumi na mmoja aliyoachiwa na marehemu baba. Mawese ya miti hiyo ndiyo yaliyopika chakula chetu na kununua sabuni, sare na dawa. Mfanyabiashara alinipa mpaka Ijumaa nimjibu.

Nilitegemea mama atakataa, ili nisilazimike kuamua. Hakukataa.

"Miti ni yenu," alisema akichambua mboga. "Ukiitoa, nitanunua mawese sokoni kama watu wengine."

"Na mashine ikiharibika?"

"Utaitengeneza. Si wewe fundi?"

"Na nikishindwa?"

"Basi tutakula mboga ya kuchemsha. Toka hapo, unanizibia mwanga."

Nilichora daftarini kurasa mbili, moja ya sababu za kununua na moja ya sababu za kuogopa. Ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ya pili ilinilazimu kuendelea nyuma ya jalada. Mstari wa mwisho ulisema: "Huenda ikafanya kazi vizuri, kisha nikawa na wasiwasi mara mbili."

Jumatano nikaamua kwenda kuichunguza mashine ya yule mshindani wangu, nijue siri yake ni ngoma au ni puli. Nilivaa kofia ya shemeji ili nisitambulike. Nilipoingia uani watu wote waliniambia, "Karibu fundi."

Mashine ile ilikuwa aibu. Ilitema punje kila upande kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Hakukuwa na turubai wala gunia lililotandikwa. Lakini mdomo wake haukukaa mtupu hata kidogo, maana wanawake kama kumi walikuwa wamejipanga mstari kutoka kihengeni, matenga yakipita mkono kwa mkono. Mafagio yao yaliegeshwa ukutani. Nusu saa baadaye kihenge kilikuwa kitupu. Injini ikazimwa, wanawake wakachukua mafagio, wakafagia uwanja wote, wakapepeta, na kila mmoja akajaza kikapu chake. Mwenye mashine alikuwa ameshaanza kuivuta kwenda nyumba ya jirani. Hakugeuka hata kutazama chini.

Nilimsogelea bibi mmoja wa Kirundi, mwembamba, anayefunga kikapu chake kwa khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kirundi. Akanitazama chini ya kofia. "Wewe si yule wa shitingi?"

Shitingi ndilo jina la turubai kule kambini. Nikakiri kuwa ndiye.

"Sisi tunalala chini ya shitingi, yenye matundu. Wewe umeyatandikia mahindi shitingi nzima. Mahindi yako yanalala vizuri kuliko mimi."

Wenzake wakacheka. Nikauliza nilichojia. "Bibi, haya yanayomwagika ni ya nani?"

"Ya fagio."

"Na wanaobeba kutoka kihengeni, wanalipwa na nani?"

"Ni fagio hilohilo. Unafikiri nimebeba matenga kwa kupenda kuumwa mgongo?"

"Kwa hiyo mwenye nyumba hawalipi?"

"Ameshalipa. Hukuyaona yanavyoruka?"

Nilivua kofia. Kisha nikasema, "Lakini kwangu mlikuja na mafagio."

"Tulikuja. Ukasema asanteni mama zangu, mkapumzike. Tukapumzika."

Mwenye nyumba, ambaye msimu uliopita nilimpukuchulia, aliona uso wangu akaamua kunifariji. "Usihuzunike, fundi. Mashine yako ni nzuri. Hata kuku wangu wanaijua. Wakiiona inaingia, wanajua leo ni kufunga."

Nilirudi kwa shemeji. Nilimkuta akipaka mafuta mnyororo.

"Shemeji, ulijua habari ya mafagio?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia msimu wa kwanza. Ukasema tukianza kuacha punje, mwisho tutaacha vidole kwenye mkanda. Nikaona mtu wa namna hii aachwe."

Alhamisi ndiyo siku pekee iliyobaki kabla ya kujibu Bangwe. Nilimwomba yule bibi aje na wenzake. Walikuja saba, na walinisubiri niseme neno la kwanza, kwa sababu walinijua. Nilikunja turubai mbele yao, nikaliweka chini ya mkokoteni, nikasema, "Mama zangu, leo msipumzike."

Kuzitazama punje zikigonga udongo ilikuwa kama kumtazama mtu akichezea vyombo vya udongo. Mara mbili niliinama bila kukusudia. Mara ya tatu shemeji alinishika mabega akanigeuza. "Tazama ziwa," alisema. "Lile halimwagiki." Kutoka mlimani Tanganyika lilionekana wazi, limetulia. Nilisimama nimeipa mashine mgongo mpaka injini ilipozimwa. Wanawake walifagia. Mwenye nyumba hakulalamika. Aliniuliza tu kama ninaumwa, maana hakuzoea kuniona nimesimama wima.

Siku hiyo tulimaliza nyumba tatu. Yule bibi aliondoka na vikapu viwili, kimoja kichwani na kimoja mkononi, akaniambia kwamba nikijitahidi nitakuja kuwa mchafu kama wengine.

Ijumaa nilikwenda Bangwe. Mashine mpya ilikuwa palepale chini ya magunia, nzuri kweli. Niligusa ngoma yake. Nilikiri moyoni kwamba mashine mbili zenye midomo mitupu zingenguruma bure mara mbili, na mama angenunua mawese.

"Unachukua?" mfanyabiashara aliuliza.

"Hapana."

"Umepata nyingine?"

"Nimeipata hiihii niliyonayo."

Alinitazama kama watu wanavyonitazama.

Nyumbani nilimkuta mama na kidumu kidogo cha mawese ya sokoni. Alikuwa amenunua kwa mazoezi. Nilipomwambia miti haiendi popote, alionja mawese yale kwa ncha ya kidole, akasema yamechanganywa na kitu, akayatenga kwa ajili ya taa.

Tangu hapo mambo yaliyobadilika ni haya. Ninayo mashine moja, na hupukuchua nyumba nne kwa siku. Turubai limekuwa paa la choo cha mama. Michikichi bado ni kumi na mmoja. Yule bibi na wenzake walirudi kwao Burundi, na sasa wanaobeba na kufagia ni wanawake wa vijiji vilevile. Punje siokoti tena, ila bado siwezi kuzitazama zikianguka, kwa hiyo injini inapowaka husimama nikitazama ziwa.