Unga wa Moringa Mezani kwa Daktari

Leo sokoni mama mmoja alifungua mfuko wa unga wa moringa, na ile harufu ya majani makavu ikanirudisha utotoni, wakati mama yangu alipokuwa akichomwa sindano za kansa ya titi.

Dada yake mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alikuja toka Mutshatsha na kopo la unga huo, pamoja na vidonge vya vitamini.

"Kunywa, mudogo wangu. Lakini usiambie daktari, atatucheka."

Mama alivifunga kwenye kitenge chake. Kesho yake, tukiwa sote watatu mbele ya daktari, alifungua kitenge akapanga vyote mezani.

"Dokta, yaya yangu ananipenda. Hibi bitu haiwezi kuharibu dawa yako?"

Daktari hakucheka. "Uache kwanza, mama, mpaka sindano ziishe. Asante kwa kuuliza. Wengi wanatuficha."

Yaya alinuna mpaka nje. Halafu, mimi sijui nini ilimshika, akasimama mbele ya foleni ya wagonjwa, mikono kiunoni.

"Bamama, mulificha nini mu mifuko? Mutoe! Mudogo wangu ameonyesha yake, na hakuna mutu alimucheka!"

Mama aliinamisha kichwa kwa haya. Mimi nikatunisha kifua na kumshika mkono, ili foleni nzima ijue huyu ni mama ya nani.