Mazoezi ya Kupigwa

Mimi ni mtu wa kucheka. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye. Nilicheka siku ya arusi yangu, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi na kimya kikazidi. Na nilicheka, Mungu anisamehe, siku ya kwanza ya kozi ya ushauri, mbele ya watu kumi na wanane waliokuja kujifunza namna ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa, na namna ya kuzungumza na wanaume wanaowapiga.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nasi tulikuwa tukikaa mtaa wa Mbotela, jijini. Mume wangu alikuwa karani wa reli. Mimi nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, na tangu hapo hakuna aliyewahi kunichagua kwa lolote isipokuwa mume wangu, naye alisukumwa na mama yake. Kwa hivyo kanisa letu lilipoambiwa litoe mtu mmoja aende kozi, na jina langu likasomwa, niliruka. Sisemi nilifurahi tu. Niliruka kwa miguu yote miwili, na mama aliyekaa mbele yangu akadhani nimeumwa na siafu.

Tulikutana kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja karibu na Jogoo Road. Mwalimu wetu alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyeharakishwa na mtu. Alipanga viti vitatu vitatu: kimoja cha mshauri, kimoja cha mwenye shida, kimoja cha mtazamaji, tukawa tunabadilishana. Sheria zake zilitutoa jasho. Tulikuwa tunaitwa washauri, lakini sheria ya kwanza ilikuwa usitoe ushauri. Usimwambie mtu avumilie. Usimuulize mwanamke alimkosea nini mumewe. Usikimbilie maombi. "Mkiomba mapema," alisema, "mtu anafunga macho, na akiyafungua ameshafunga na mdomo." Mwanamume naye akisema alichokozwa, au ni pombe, au ni shetani, tumuulize swali moja tu: na mkono ulikuwa wa nani?

Siku hiyo ya kwanza nilipangwa na mzee mmoja, askari jela mstaafu. Yeye awe mke aliyepigwa, mimi niwe mshauri. Akajifunga leso yangu kichwani, akakaa wima, mikono juu ya magoti. Nikamwambia kwa upole wangu wote, "Karibu mama, jisikie huru."

"Ndiyo, afande!" akajibu.

Nilianguka kutoka kwenye kiti. Mtazamaji naye alianguka. Mzee wa watu hakuelewa kosa lake ni lipi, akazidi kunyoosha mgongo.

Mwalimu hakucheka. Tulipomaliza alinibakisha. "Moyo unao," akaniambia. "Lakini mwanamke atakayekuja kwako ametafuta ujasiri wa kusema kwa miaka. Ukimchekea mara moja, harudi tena." Nilihisi aibu hadi kwenye nyayo. Akanipa kazi ya nyumbani: nifanye igizo na mume wangu hadi niweze kulimaliza bila kucheka. Akanipa na fomu moja. Wazee wa kanisa walitakiwa kuisaini, kuthibitisha kwamba nyumba yangu ina amani. Bila sahihi hiyo hakuna cheti, na bila cheti hakuna kile chumba kidogo cha ushauri nyuma ya kanisa, chenye viti viwili na pazia la kijani, ambacho nilikuwa tayari nimekwenda kukipiga deki mara mbili bila kuombwa.

Watoto walikuwa ushago, kijijini kwa nyanya yao, likizo ya Agosti. Basi siku iyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, nikamkalisha mume wangu kwenye kochi. Mjue kwanza ni mtu wa namna gani. Huyu ni mtu anayemwomba kuku msamaha kabla ya kumchinja.

"Baba watoto," nikamwambia, "leo wewe ni mume mbaya."

"Mbaya kiasi gani?"

"Mbaya sana."

"Nimelewa ama sijalewa?"

Ndivyo alivyokuwa, hata kazini hakugonga muhuri kabla ya kusoma karatasi yote. Tukakubaliana hajalewa. Akasimama, akakohoa, akatengeneza tai. "Mama watoto," akasema, "mbona chakula ni baridi, tafadhali?"

Nililala sakafuni kwa kicheko. Nilimwambia hakuna mpigaji anayesema tafadhali. Akajaribu tena, na tena, na mara ya nne akavua tai. Jamani, yule mtu aliimba besi kwenye kwaya miaka kumi na mimi sikujua sauti ile ilikuwa na matumizi mengine. "Leo utanitambua!" akanguruma, akashika kandambili na kuanza kulipiga kochi, paa, paa, paa. Nami nikapiga nduru. "Uuuwi! Ananiua! Jamani, nakufa!" Nilipiga nduru kwa raha ambayo siwezi kuieleza, nikizunguka meza, na sikucheka hata kidogo. Tulipomaliza tulikaa tukanywa chai, tumelowa jasho, tumejaa fahari. Jumapili tukarudia baada ya kanisa. Jumatatu alirudi kutoka kazini kabla ya jua kuzama, akauliza kutoka mlangoni, "Leo hatupigani?"

Siku zilizofuata niliona mambo ya ajabu kwenye foleni ya maji. Wanawake walinipisha. Mmoja alinibebea mtungi. Mwingine alinishika mkono, akanitazama machoni, akasema, "Mungu yuko, dada." Mimi, na majivuno yangu, nikaona habari za kozi zimeenea, na sasa mtaa umejua kwamba mshauri anakuja. Nikatabasamu kwa unyenyekevu. "Tunajitahidi," nikajibu. Mama wa kuuza mboga alinipa sukuma za bure na chupa ya mafuta ya kuchua. Nikachukua. Hata vijana wa kwenye kona, ambao kwa kawaida hawakujua nipo, walinisalimia kwa heshima. "Mathe," mmoja akaniambia, "huyo buda akikuletea noma tena, wewe tuite tu." Nikadhani buda ni mume yeyote mkorofi nitakayekutana naye kazini, nikamshukuru na kumwambia tutaita kila mtu wakati ukifika.

Wakati ulifika Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeweka fomu mezani, na kalamu juu yake, maana mzee mwenyekiti alikuwa amenitumia ujumbe kwamba watakuja. Waliingia watatu: mzee mwenyekiti, aliyetusimamia arusi, mke wake, na katibu wa kanisa, jirani yetu tuliyegawana naye ukuta, mwanamume nadhifu ambaye suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata Jumamosi. Katibu alikuwa amebeba mkate. Kwetu, watu wa kutoka magharibi, wazee wakija na mkate siku ambayo hakuna mgonjwa wala mtoto mchanga, wamekuja kuamua kesi. Niliuona mkate, nikajiuliza ni kesi ya nani.

"Binti yangu," mzee akaanza, baada ya chai, "ulimkosea nini mume wako?"

Hapo ndipo mambo yote yaliponijia kwa pamoja, mtungi, sukuma, mafuta ya kuchua, na nikafanya kitu kibaya kuliko vyote. Nilicheka.

"Ni mshtuko," mke wa mzee akamnong'oneza mumewe.

"Mama, hajanigusa," nikasema. "Hajawahi kunigusa!"

"Wote husema hivyo," akajibu kwa huruma. Na ni kweli, tulikuwa tumefundishwa hivyo hivyo kwenye kozi, nami niliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu: aliyepigwa hukana.

Mume wangu akaamua kuniokoa. "Wazee," akasema, "ni yeye aliyeniambia nifanye vile." Mke wa mzee akaweka kikombe chini. "Mara ya kwanza alisema sijafanya vizuri." Katibu akaupakata mkate. "Ndiyo tukarudia."

Nilitamani kumpiga kweli. Nikaeleza kuhusu kozi, viti vitatu, igizo, kandambili na kochi. Nilieleza haraka haraka, nikicheka na kukaribia kulia, na kila nilivyoeleza nilionekana mtu anayetunga. Mzee akaichukua fomu, akaisoma pole pole, akairudisha mezani. "Hatuwezi kusaini, binti yangu," akasema. "Hatuwezi kumtuma mtu akatengeneze nyumba za wengine wakati mtaa mzima umesikia ya kwake. Tutamtafuta mwingine." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonichoma. Machozi yakaja yenyewe. Nilikiona kile chumba na pazia lake, na mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu, akiwaambia wanawake wavumilie.

Katibu akakohoa. "Mwenyekiti, ili tusije tukaonea mtu, tumwite mke wangu. Anashinda nyumbani na cherehani yake. Siku zote hizo alisikia kila kitu." Akachungulia dirishani, akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa.

Alikawia. Tulimaliza kikombe kingine cha chai, na katibu akaomba radhi kwa niaba yake mara mbili. Mwishowe akaingia, kitambaa kichwani, uzi wa cherehani umebaki kwenye mkono wa sweta yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Tulikuwa tumeanika nguo kwenye kamba moja miaka mitatu, na sikumbuki tukizungumza zaidi ya habari za asubuhi. Alikataa kiti.

"Mama," mzee akamwambia, "ulisikia nini?"

"Nilisikia kochi likipigwa," akasema. "Kochi lina sauti yake, mzee. Mtu ana sauti yake."

"Na nduru?"

"Nduru nilizisikia. Huyu alikuwa anacheza." Hakunitazama. "Mwanamke anayepigwa kweli hapigi nduru hivyo. Anauma shuka, watoto wasiamke."

Mke wa mzee alifungua mdomo, nadhani kuuliza amejuaje, akaufunga. Katibu alikuwa bado amepakata ule mkate. Nilitazama vidole vyake vikizama ndani yake taratibu, karatasi ikilia, na hakuna mtu chumbani aliyeangalia kitu kingine. Miaka mitatu tuligawana ukuta, nami nilikuwa nimewaambia watu kwamba upande ule tumepata majirani watulivu.

Mzee mwenyekiti ndiye aliyesogea kwanza. Aliivuta fomu, akaisaini bila kuvaa miwani, akaisukuma kwangu. Sikuishika. Halafu akasimama, akavua kofia, akasema, "Basi, ndugu zangu, tuombe."

"Hapana, mzee," nikasema. "Ngoja kidogo."

Sijui nilipata wapi ubavu. Mzee yule alinishika mkono kwenda madhabahuni. Lakini alingoja, kofia mkononi, na mume wangu, mwomba kuku msamaha, akainuka bila kuambiwa na kwenda kusimama kati ya katibu na mlango. Nikamsogelea yule mama. Nilitaka kumwambia pole, nilitaka kumwambia mambo elfu moja, na niliyameza yote.

"Leo utalala wapi?" nikamuuliza.

Sasa akanitazama.

"Hapa," akasema. "Watoto wako nje, na mkoba wa nguo."

Nikaenda kufungua mlango. Walikuwa wawili, wamesimama kando ya kamba ya nguo, wamevaa viatu vya kanisani, na mkubwa alikuwa ameushika mkoba kwa mikono yote miwili.